Sonara Aliyenusa Senti

Sonara alinusa kwanza. Ukimpa sarafu haitazami, anainusa kama mama anavyonusa maziwa ya jana, halafu anaigusa kwa ncha ya ulimi, anatema pembeni, ndipo anainua kioo chake cha kukuzia kilichofungwa shingoni kwa kamba ya kiatu. Wageni walicheka wakiona hivyo. Sisi hatukucheka, maana wengi wetu tulikuwa tumemletea kitu cha mwisho tulichobaki nacho.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Huku kwetu mtu asiyeuliza ukoo wa mwenzake anaonekana ana homa, lakini mimi sikumuuliza, na yeye hakuniuliza, na labda ndiyo sababu tulielewana miaka ishirini. Zamani nilikuwa nikitoka Ijara na ng'ombe wa kuuza mnadani Garissa, nampitishia bangili za mke wangu azinyooshe. Baadaye nilikuja bila ng'ombe, na bangili zilikuwa zimekwenda pia. Banda lake lilikuwa la mabati, nyuma ya wauza mahindi. Siku hizi pale wanatengeneza simu.

Ndimu ilikuwa haramu bandani mwake. Si kwamba hakuipenda, nyumbani kwake aliila na wali. Lakini pale kazini ukija na ndimu hata mfukoni anakutoa nje. Siku moja msichana wa chai alimletea kikombe na kipande cha ndimu pembeni, kwa heshima, maana alisikia mzee ana kikohozi. Sonara akamwambia, "Binti yangu, umeniletea mwizi." Akamrudishia kikombe kizima.

"Ndimu ni mwizi anayenukia vizuri," alikuwa akisema. "Inaingia kwa sarafu ya miaka sabini, inatoka na miaka yote sabini, na wewe unashukuru eti sasa inang'aa."

Alikuwa na misemo mingine. Kitu kilichotiwa maji ya fedha au ya dhahabu hakukiita bandia. Alikiita "shaba iliyovaa shati". Wateja wake wengi walinunua mikufu ya shati hiyo hiyo, yeye mwenyewe ndiye aliyeivisha, na aliwaambia hivyo kabla hawajalipa. Kwa hiyo alikuwa mtu wa kupaka aliyechukia kupaka kukiitwa kitu kingine. Ndevu zake, hata hivyo, alizipaka hina kila Ijumaa, na ukimuuliza umri anasema hamsini. Alisema hamsini mwaka niliomjua, na alisema hamsini miaka ishirini baadaye. Nilimkumbusha siku moja.

"Warya, mchungaji," akanijibu, "mimi nilisema shaba haidanganyi. Mimi ni shaba?"

Watu hawakumpenda sana. Ukweli wake haukuwa na mto wa kuulalia. Kuna arusi moja alialikwa, shangazi wa bwana arusi akamwonyesha mkufu wa bibi arusi, nadhani alitaka kujivuna tu. Sonara akaunusa mbele ya watu. "Shaba imevaa shati," akasema, akaendelea kula. Arusi ile ilikaribia kuvunjika juu ya sinia la nyama. Nilipomlaumu alishangaa kweli kweli. "Si aliniuliza?" Alikuwa hivyo. Ukimwuliza anasema, usipomwuliza anaweza kunyamaza mpaka jioni, akimlisha makatoni mbuzi mmoja mwenye sikio lililokatika ambaye kila siku aliapa kwamba hampendi.

Sasa nieleze mambo ya senti, maana ndiyo yaliyotuleta hapa.

Mvua zilipokosa kuja mara ya tatu mfululizo, watu walianza kusikia kwenye simu kwamba senti za zamani zinatafutwa. Nani anazitafuta? Hakuna aliyejua. Wakasema hasa senti kumi zile za shaba zenye tundu katikati, za wakati wa wakoloni, na hasa zenye rangi ya ajabu. Nyeupe, au ya dhahabu, au ya buluu. Senti moja ya rangi, zizi zima la ng'ombe. Wallahi mtu mwenye ng'ombe hawezi kuamini neno kama hilo. Mtu ambaye ng'ombe wake wamelala njiani kuanzia Ijara mpaka mtoni anaamini hata kabla hujamaliza kusema.

Wakaja kwa sonara. Kutoka Masalani, kutoka Ijara, hata kutoka Wajir, kila mtu na kitambaa chake kilichofungwa fundo. Wengine walikuwa wamezikata kwenye mikufu ya bibi zao. Wengine walipasua hirizi za ngozi za marehemu baba zao. Hizo za ndani ya ngozi hutoka za kijani, na sonara alikuwa anamwambia mwenye hirizi pole pole, "Hii kijani ni jasho la baba yako. Ngozi na chumvi. Irudishe."

Alikuwa na njia yake ya kujua, na hakuificha. Nyeupe inayoteleza ni zebaki, mtu ameisugua kwa kidole. Nyeusi yenye magamba na wekundu chini imeungulia ndani ya nyumba iliyoteketea. Ya kupakwa utaiona imechubuka juu, kwenye maandishi na kwenye ukingo, pale vidole vinapopita, shaba nyekundu inachungulia. Lakini zaidi ya yote alitazama tundu. "Uso wa senti kila mtu anauosha," alisema. "Tunduni hakuna anayekumbuka kudanganya." Senti iliyovaliwa miaka mingi, kamba yake imekula upande mmoja wa tundu, pale pamekuwa laini na pekundu. Rangi ikiwa ya umri, pale kwenye kamba haipo. Ikiwa ya kupakwa juzi, imeingia tundu lote mpaka mahali pa kamba.

Namkumbuka mwanamume mmoja wa Masalani aliyeleta senti ya dhahabu. Inawaka kabisa, hata mimi niliinama kuitazama.

"Hii dhahabu, adeer?" akauliza.

Sonara akainusa. "Uko na mtoto wa sekondari?"

"Niko na msichana."

"Shule yao wanachemsha madawa? Wana chumba cha chupa?"

"Ndiyo, anasema wanacho."

"Basi rudi umsalimie. Alichemsha hii na unga wa zinki ikawa nyeupe, halafu akaishika juu ya moto ikawa njano. Ni somo, wanafundishwa. Amefanya vizuri sana, haina doa."

Yule mtu akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. "Nimeuza punda nipate nauli ya kuja," akasema.

Sonara hakusema pole. Aliagiza chai, akaimimina kwenye kisahani ipoe, akampa, akakaa naye mpaka kisahani kikaisha. Mtu alipoondoka nilimwambia, "Ungeweza kumwambia taratibu." Akasema, "Taratibu au haraka, punda angerudi?" Kisha akamtafutia mbuzi wake katoni, akasahau kumpa.

Mimi nilikuwa natazama hayo yote nikiwa na ya kwangu mfukoni. Nilikuja siku tatu kabla sijaitoa.

Ng'ombe wetu wa mwisho alikuwa Cadey, yaani Mweupe. Alikufa tukimshika mimi kichwa, mke wangu mkia, tukijaribu kumsimamisha kama watu wanaoinua hema. Tukahamia Waberi, mtaa wa Garissa, kwa binti yetu Halima, ana nyumba ya vyumba viwili, Mungu ambariki. Mke wangu akaingia chumbani akakaa akitazama ukuta. Hakuwa mgonjwa wa kuonekana. Alikula kidogo, aliswali, akarudi ukutani. Pembeni mwake aliweka dhiil ya mama yangu, chombo kile cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, kikavu, hakina hata harufu ya kukopesha. Neno lake lilikuwa moja. "Nirudishe Ijara. Lakini sirudi mikono mitupu. Ng'ombe mmoja tu, nimsikie akicheua nikiwa nimelala."

Ng'ombe mmoja. Mtu niliyekuwa nachinja mmoja kwa mgeni.

Kwenye shingo ya dhiil ile kulikuwa na senti kumi ya tundu, mama yangu aliifunga alipokuwa bibi arusi. Rangi yake ilikuwa ya mgongo wa kuzi, ndege yule anayeng'aa. Buluu, ukiigeuza inakuwa zambarau, ukiigeuza tena kuna kitu cha kijani kinapita. Mke wangu akaifungua yeye mwenyewe, bila mimi kumwomba, akaniwekea kiganjani. "Si wanasema za rangi?"

Siku ya nne nikampa sonara. Akanusa. Akafumba macho. Akanusa tena, muda mrefu, mpaka nikafikiri amelala.

"Haijapakwa," akasema, na mimi nikaanza kumshukuru Mungu. "Ngoja. Tazama tunduni, hapa kamba ilikaa, pekundu. Sasa geuza nyuma. Unaona vistari? Hivyo ni vya chombo. Ililalia chombo kilichosukwa, upande huo haukubadilika. Upande wa nje ndio umekula moshi. Mama yako alikuwa akifukiza chombo kila siku, sivyo? Anachoma vijiti vya mti wenye harufu, anakiinamisha juu ya makaa ili maziwa yasiharibike. Na senti ilikuwa inaning'inia pale mdomoni. Miaka arobaini, hamsini. Hii rangi ni moshi na maziwa."

"Kwa hiyo ni ya kweli."

"Ni ya kweli kabisa. Na senti yenyewe ni ya kawaida. Zilitengenezwa nyingi kama mchanga. Haina bei."

Nilimwambia anihurumie. Nilimwambia habari za ukuta. Nilimwambia, kuna dalali wa simu, anataka tu kusikia mtu mmoja anayejua. Mwambie ni adimu. Au usimwambie ni adimu, mwambie haijulikani.

"Inajulikana," akasema.

"Mke wangu anakufa, wewe mtu!"

"Nimesikia. Na senti inajulikana."

Hapo nilisema jambo ambalo sitalificha, kwa kuwa ninyi hamnijui na Mungu amekwisha lisikia. Nilimwambia Mungu amfumbe macho yake yote mawili, tuone atanusa nini. Nikanyakua senti yangu nikatoka.

Nilimpigia dalali mimi mwenyewe. Nikamtumia picha. Akasema ni chafu, mwaka hauonekani, isafishe unitumie tena. Na mimi nikiwa na hasira, nikajiambia, moshi hauna bei, basi moshi wa nini? Nikaingia jikoni kwa Halima nikachukua majivu na ndimu, vile tunavyosugua sufuria, nikasugua na kidole gumba mpaka kidole kikauma. Ikatoka nyekundu, safi, changa kama imezaliwa leo. Nikapiga picha. Dalali hakupokea simu tena, siku hiyo wala siku nyingine.

Ilipita miezi minne bila kumsalimia sonara. Nikipita sokoni nilizunguka kwa wauza kamba.

Kisha siku moja asubuhi Halima akaniita, "Aabo, kuna mzee mlangoni anapumua vibaya." Ni yeye. Mtu ambaye saa za kazi hakuwahi kuondoka bandani mwake isipokuwa kwa swala amekuja Waberi kwa miguu, kwa sababu boda boda aliziogopa, hili nilisahau kuwaambia. Jicho moja lilikuwa limeanza kupata ukungu. Nililiona na nikatazama chini.

"Mchungaji," akasema kabla ya salamu, "nilikosea."

Sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo.

"Kuna mama amekuja kutoka Nairobi, ni mwalimu mstaafu, anakusanya senti. Nilimsimulia habari ya senti yako, ya moshi, nikidhani ni hadithi tu ya kumchekesha. Akasimama. Anasema hizo ndizo anazotafuta. Za kawaida, lakini rangi iwe imejikuza yenyewe, haijaguswa. Atatoa bei ya mtamba mwenye mimba. Anapita bandani leo alasiri, kisha anaondoka." Akashika fremu ya mlango. "Mimi nilijua moshi, wallahi. Sikujua kuna watu wananunua moshi. Ilete."

Kule chumbani nikasikia mkeka unasogea. Mke wangu amegeuka kutoka ukutani. Alikuwa amesikia kila kitu. Macho yake yalikuwa makubwa kama ya mtu aliyetolewa kisimani.

"Mpe," akaniambia. "Si ameomba? Mpe."

Nikampa. Sonara hakuhitaji kioo. Aliileta puani tu.

"Ndimu," akasema, akakaa kizingitini.

Mke wangu hakuelewa. Nilimtazama sonara nikimwomba kwa macho asieleze, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alificha kitu alichokijua. Akainuka. Akasema, "Shemeji, tunakwenda sokoni kidogo."

Bandani alifunga mlango wa bati, akawasha makaa, akatoa kopo la salfa ya unga, ile wanayopaka mbuzi wenye ukurutu. Nilifahamu anachotaka kufanya kabla hajanyunyiza. Alishika senti kwa koleo juu ya ule moshi mchungu, anaitoa, anaipuliza, anairudisha, na rangi ikaanza kuja. Kahawia kwanza. Halafu wekundu wa divai, halafu zambarau, halafu, subhanallah, mgongo wa kuzi. Ilikuwa nzuri kuliko ya mama yangu. Wote wawili tulikuwa tukikohoa na machozi yanatoka, na siwezi kusema yalikuwa ya salfa yote.

"Na vistari vya nyuma?" nikauliza.

"Nyamaza," akasema.

Yule mama akaja baada ya swala ya alasiri, mtu wa heshima, miwani, mkoba wa kitambaa. Akaitazama senti upande huu na upande huu. Akatabasamu.

"Ni nzuri sana, mzee. Lakini macho yangu si kama yako, na kila mtu hapa Garissa ananiambia wewe husemi uongo. Wewe ukisema ni ya moshi wa chombo, nalipa sasa hivi."

Akamrudishia sonara. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango, nikaona midomo yangu inasema ndiyo, ndiyo, bila sauti. Nilimwona mtamba. Nilimwona amelala uani kwetu, Ijara, anacheua. Lilikuwa neno moja tu. Watu husema neno kama hilo mara kumi kabla ya chai.

Sonara alichukua senti. Na kwa mazoea tu, kwa kuwa mkono ulikuwa umezoea miaka yote ile, akaipeleka puani.

Mbuzi wa sikio moja alikuwa anavuta katoni chini ya meza, ikipasuka pasuka, sauti kubwa kabisa.

"Imepakwa," akasema sonara. "Leo adhuhuri. Mkono ni wangu."

Yule mama akavua miwani. "Na ile ya kweli?"

"Tumeiua sisi wawili. Yeye kwa ndimu, mimi kwa mdomo."

Mama akatutazama kama mtu aliyeingia nyumba yenye msiba bila kuambiwa. Akasema pole, akafunga mkoba wake, akaondoka. Gari lake lilikuwa linamngoja.

Nilimshika sonara shingoni, kwenye ile kamba ya kiatu. Nilikuwa na nguvu, njaa haikuwa imenimaliza. "Ulitaka kusema ndiyo! Nilikuona! Kwa nini ukaniletea habari mlangoni, mke wangu akasikia?"

"Piga," akasema. "Mchungaji, piga tu." Jicho lake zuri lilikuwa limejaa maji, lile jingine limetulia na ukungu wake. "Nilijaribu. Pua ilikataa."

Sikupiga. Mtu unampiga vipi ukimwona hivyo? Nilimwacha. Akaniwekea senti mkononi, akanikunjia vidole mwenyewe, kimoja kimoja, kama mtoto anayepewa pipi. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona amekaa kwenye kazi yake.

Nilitembea mpaka Waberi polepole kama mtu anayechunga. Nikafika jua linashuka. Mke wangu alikuwa ametoka chumbani. Alikuwa amekaa uani, ameoga, amejifunga shuka safi, na dhiil iko mapajani, ameipangusa vumbi. Mbele yake alikuwa amekusanya vijiti na makaa matatu yanayowaka, tayari kufukiza. Halima alisimama nyuma yake akinitazama usoni, na akajua.

Mke wangu hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu, halafu akatazama nyuma yangu, njiani.

"Wamemwacha wapi?" akauliza. "Ni wa rangi gani?"

Senti ilikuwa kiganjani mwangu inanuka salfa. Nilimfikiria yule mzee na pua yake.

Mimi si sonara. Nikasema, "Mweupe."